Kiti cha Simu

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine tena kwa kila siku ambayo hukupokea simu yangu.

Sisi huku tunapumua na tunashukuru. Baba, kaka yako, anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua, ila nimegundua linauma zaidi pale anapoombwa aoshe vyombo. Mpira ukianza kutangazwa redioni linapona lenyewe, anaruka kutoka kwenye kiti kama kijana. Mimi ni mzima, mwembamba vilevile. Jina la Kijiti ulilonipa utotoni limenifuata mpaka kazini.

Nimekupigia mpaka simu yenyewe imeona haya. Unakata, halafu unanitumia maneno mawili: "Niko kazini." Hata Jumapili? Basi nimeona nishike kalamu, maana barua huwezi kuikata.

Nina shida, na shida yenyewe ni ya ufundi. Unajua kwenye gari la wagonjwa simu ndiyo macho yetu. Muuguzi wa zamu anatuma ramani, ndugu wa mgonjwa wanapiga kuelekeza: pita duka la rangi, ukiona geti la bluu ujue umepitiliza. Sasa simu hiyo naiweka wapi? Nilinunua kishikilia simu cha kunyonya kioo. Asubuhi kilinyonya vizuri, jua la mchana likakichosha, kikaanguka. Nikanunua cha gundi, gundi ikayeyuka ikaniachia doa. Kile cha kubana kwenye matundu ya hewa kilivunja tundu lenyewe. Barabara zetu unazijua, na dashibodi ina mgongo wa mviringo uliojaa vipele, haishiki kitu.

Wewe umevisha viti vya magari tangu sijazaliwa. Hakuna gari lililoingia karakana yako likatoka uchi. Nitengenezee kitu cha kushika simu kisichocheza. Nimekukatia umbo la dashibodi kwa boksi, limo kwenye kifurushi hiki nilichompa dereva wa basi la asubuhi. Nakihitaji haraka. Usiniulize haraka ya nini, nitengenezee tu.

Wako,
Kijiti


2 Machi

Kijiti,

Marahaba. Mwandiko usikushtue. Kalamu mbovu, meza inacheza.

Mimi mzima. Kazi nyingi. Paka amezaa kwenye kapu la ngozi, sina moyo wa kumhamisha. Mwambie kaka yangu aoshe vyombo.

Kuhusu simu. Hao wauzaji wanakosea kwa sababu wanafikiria kuinasa. Simu si panya. Simu ni abiria, na abiria anataka kiti. Kiti kina pa kukalia, kina mgongo, kina mkanda.

Nakutumia cha kwanza. Ni waya mnene nimeuvisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Bana kwenye ukingo wa dashibodi. Si kizuri. Kijaribu, uniambie kinakosea wapi. Usinisifu.

Boksi lako umelikata kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Lete jingine. Liweke juu ya dashibodi, pitisha penseli ukifuata mwili wake, kata, rudisha, tazama mwanga unapopenya, kata tena. Mpaka mwanga usipenye.

Nimechoka. Naishia hapa.

Shangazi


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama stendi, watu wakinipiga vikumbo. Ni fupi mno! Zamani ungejaza kurasa tatu kwa habari za huyo paka tu.

Baba nimempa ujumbe wako wa vyombo. Amesema wewe ni mdogo wake na huna adabu. Ameosha vikombe viwili.

Umesema nisikusifu, basi sikusifu. Kiti cha kwanza kilishika simu vizuri kwenye lami. Nilipofika kwenye tuta la kwanza, waya ukapiga kelele kama panzi. Tuta la pili, simu ikaruka juu ya bega langu, ikatua nyuma kwenye rundo la mashuka, na huko iliko ikaendelea kunielekeza kwa ile sauti yake ya upole: "Geuka kushoto." Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Kwa hiyo kosa ni hili: waya unarudisha mshtuko wote kwenye simu. Tena ukingo wa dashibodi ni mwembamba, unatikisika.

Boksi jipya hili hapa. Nililikata na kulirudisha mpaka mwanga ukakata tamaa.

Kitu kimoja tu nataka kuuliza. Niliutazama mshono wa ule mpira. Mishono yako naijua tangu nikikaa chini ya cherehani yako kuokota vipande vya nyuzi, yote huwa imelala upande wa kulia kama mvua yenye upepo. Hii imelala kushoto, na mingine imepishana. Umepata msaidizi?

Kijiti


11 Aprili

Kijiti,

Marahaba. Boksi la pili ni zuri. Zuri mno, ndiyo maana limekusaliti.

Nimevisha magari ya wagonjwa ya hospitali ya huku mara mbili. Katikati ya dashibodi huwa kuna kisanduku cha king'ora. Mtu akikata boksi la gari lile lazima akizunguke. Wewe umenyoosha mstari kuanzia usukani mpaka mlangoni.

Tena nyuma ya dereva kwenye gari la wagonjwa kuna ukuta wenye kidirisha. Simu inarukaje juu ya bega ikatue kwenye mashuka?

Unaendesha gari gani, mwanangu? Usinijibu kwa habari za goti. Ngozi nimeshaichagua, nyeusi, nene, ya mgongoni. Haikatwi mpaka nijue namkatia nani na kwa gari gani.

Sina msaidizi.

Shangazi


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Goti silitaji.

Umenishika pabaya. Naendesha gari la mashuka. Machafu napeleka kwa dobi, masafi narudisha wodini. Ni tangu Januari.

Ilikuwa mchana. Nimembeba mzee aliyebanwa na pumu, muuguzi yuko naye nyuma. Foleni imeziba barabara kuu, simu iko mapajani mwangu inanionyesha vichochoro. Tulipofika kwenye mzunguko, mtu akavuka ghafla. Nikagusa breki, simu ikateleza ikaanguka miguuni. Nilipokanyaga tena, pedeli ikagoma kushuka, simu imekaa chini yake kama kabari. Shangazi, mguu unasukuma na gari linaenda tu! Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikapanda ukingo wa barabara, gari likasimama limeegemea kibao cha tangazo la sabuni. Hakuna aliyeumia. Mzee tulimfikisha na alirudi kwake siku chache baadaye.

Niliripoti mwenyewe. Mkuu wa magari, yule tunayemwita Bwana Funguo kwa sababu funguo zote zinaning'inia kiunoni mwake, hakunifokea. Alisema, "Binti, unaendesha vizuri kuliko wengi. Ila simu mapajani sitaki kuiona tena kwenye gari langu lolote, la kwako wala la mwingine. Vishikilia vya dukani tumeviona vyote vikianguka. Leta kitu ambacho mkaguzi wa magari atakikubali, siku hiyohiyo unarudi kwenye king'ora." Sasa wenzangu wamerudi kuuliza njia kwa wapita njia, na wagonjwa wanangoja. Wamenibatiza Mama Mashuka. Nacheka nao. Nikifika kwa dobi nakaa garini kidogo kabla ya kushuka.

Sikukuambia kwa sababu umeutangazia mtaa mzima kwamba binti wa kaka yako ndiye mwanamke wa kwanza kuendesha gari la wagonjwa hapa kwetu. Niliona haya kukuvua hilo.

Boksi la tatu hili hapa, la gari lenyewe. Bwana Funguo alinifungulia nikalikata mbele yake. Limekizunguka kisanduku cha king'ora.

Haya, nimejitoa mwenyewe. Sasa na wewe. Nimebeba watu wengi waliopigwa na kiharusi, najua mtu anavyouficha mkono chini ya mtandio na kujifanya amelala ili asiongeleshwe. Wewe hupokei simu. Mwandiko wako uliokuwa mzuri kuliko wa walimu wangu umekuwa mkubwa na umeinama. Mishono imelala kushoto, na msaidizi huna.

Shangazi, mkono wako wa kulia una nini? Na sauti yako?

Usiponijibu nakuja na basi lilelile linaloleta barua.

Kijiti


2 Juni

Mwanangu Kijiti,

Nilikuandikia barua mbili za hasira nikazichana. Hii ya tatu naiandika kwa siku kadhaa, kidogo asubuhi, kidogo jioni, kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo isome taratibu.

Ilikuwa Novemba. Nilikuwa nakata ngozi ya kiti cha lori. Mkasi ukaanguka. Nikainama kuuokota, vidole vikakataa. Nikamwita jirani yangu muuza matunda, na kilichotoka mdomoni hakikuwa jina lake. Hakikuwa jina la mtu yeyote. Alikimbia kunishika kabla sijagusa sakafu.

Hospitali walinitibu vizuri, sina lawama. Mguu ulirudi mapema. Mkono ukabaki umelala, na mdomo ukavutwa upande mmoja. Maneno ninayo yote, yamejaa kichwani, lakini yakifika mdomoni yanatoka kama ya mtu anayetafuna pamba. Siku moja mteja alipiga simu. Nikaongea. Akasema, "Mama, umekunywa?" Tangu siku hiyo sikupokea simu ya mtu. Nilifunga karakana, nikafunika cherehani kwa shuka kama maiti, nikakaa nasubiri wanaozoea kuniita fundi wazoee kuniita marehemu. Kaka yangu sikumwambia kwa sababu angelia, na mimi sijawahi kuweza kumnyamazisha kaka yangu akilia.

Halafu likaja boksi lako, baya kupindukia. Nililitazama wiki nzima. Nilikuwa naoga, naliona. Nakunywa chai, naliona. Nikasema huyu mtoto atapewa kitu kibovu na watu wa dukani, simu itamwangukia miguuni. Sikujua ilishaanguka! Nikatoa shuka kwenye cherehani, nikatafuta waya. Kusokota waya kwa mkono mmoja, ushikilie mwisho mwingine kwa meno, ni kazi ya sarakasi. Nilitukana sana. Na unajua nini? Matusi yalitoka yamenyooka.

Usinionee huruma. Ukija na machozi nakufungia mlango. Ukitaka kunisaidia, kitazame hicho kidole chako kinavyoishika kalamu bila kukosea, uniambie.

Sasa kazi. Kwenye kifurushi kuna kiti kipya. Ni mfuko wa ngozi, nimeujaza mchanga mkavu niliouchekecha. Sikuujaza wote, nimeacha nafasi ili ulale juu ya mgongo wa dashibodi kama mtandiko wa punda. Mchanga unameza mshtuko, haurudishi. Chini nimeshona mpira wa tyubu ya lori, upande wenye mikwaruzo nje, ung'ang'anie vile vipele. Kushoto umekatwa kupisha kisanduku chako cha king'ora. Simu inakaa kwenye kiti kilichoinama nyuma kidogo ili jua lisipige kioo chake, inafungwa mkanda wa mpira ambao dereva anaufungua kwa kidole kimoja. Mkanda mwingine wa ngozi unapita chini ya dashibodi na kufungwa kwa bizimu ya chuma, kama mkanda wa suruali.

Tazama mstari wa mwisho wa mshono, upande wa abiria. Ile mishono michache iliyopinda, mikubwa, ya ovyo ovyo, ni ya mkono wa kulia.

Usiifumue.

Shangazi yako


28 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekukosea kitu kimoja na sijutii: barua yako Baba ameisoma. Nilimkuta ukumbini ameishika. Hakulia. Aliikunja vizuri, akaniuliza basi linaondoka saa ngapi. Pengine ukiipata barua hii ameshafika. Mfungulie.

Huku hospitalini kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mcheshi, nimempelekea kifurushi aguse ile mishono. Aliigusa kama kipofu anayesoma. Akasema, "Huyu mkono wake unarudi. Mwambie asiubembeleze, aupe kazi ndogondogo mara nyingi: kufunga vifungo, kuchambua misumari, kushona. Na mdomo asome kwa sauti, hata kama anamsomea paka." Nimekupa kama nilivyopewa.

Sasa ukaguzi. Mkaguzi wa magari ni mwanamke mfupi mwenye miwani minene na hana maneno mengi. Nilifikiri atakaa kando aniangalie nikiendesha. Wapi! Alininyang'anya ufunguo, akaketi kwenye usukani mwenyewe, mimi na Bwana Funguo tukawa abiria. Akatupeleka nyuma ya jiko la hospitali kwenye ile njia ya mawe inayong'oa meno. Shangazi, tulirushwa mpaka kofia ya Bwana Funguo ikapotelea chini ya kiti. Nilikuwa siitazami barabara, naitazama simu. Imekaa kama bibi harusi! Akashika breki ghafla, tukaenda mbele wote, simu ikabaki mahali pake. Akashika tena kwenye mteremko. Akageuza kwa kasi. Akatoa simu, akairudisha, akatoa, bila kuangalia, kwa kidole kimoja kama ulivyosema.

Alizima gari. Akapitisha mkono chini ya dashibodi, mkono ukasimama kwenye bizimu.

"Aliyetengeneza hiki ni fundi kweli," akasema. "Lakini hiki chuma kiko usawa wa goti la abiria. Gari likigonga, chuma kitaingia mfupani. Akibadilisha hiki tu, naweka sahihi yangu."

Kwa hiyo bado niko kwenye mashuka, ila leo nimeyapeleka kwa dobi nikiimba. Bizimu nakurudishia humu pamoja na mkanda.

Kijiti


6 Julai

Kijiti,

Marahaba. Mkaguzi amesema kweli na mimi nilipaswa kuliona hilo. Nimevisha viti maisha yangu yote, nikawafikiria waliokaa na kusahau magoti yao. Mpe salamu.

Chuma kimetoka. Nimeweka kifundo cha ngozi ngumu kinachoingia kwenye tundu la ngozi. Ukikivuta kwa makusudi kinatoka, gari likirusha hakitoki. Kimeshonwa chote kwa mkono wa kulia. Imenichukua siku mbili na nimevunja sindano, lakini ni wa kulia.

Kaka yangu alifika amebeba begi na mto wake mwenyewe, kana kwamba huku hatuna mito. Hakulia. Alivua koti, akauliza, "Wapi nishike?" Tangu hapo ananishikia ngozi nikiikata. Anaishika vibaya, anaongea sana, na kila nikisema neno likapinda ananitazama tu mpaka nilinyooshe. Hanimalizii. Namshukuru kwa hilo, ila usimwambie.

Paka tunamsomea gazeti kila asubuhi. Ameanza kunikimbia.

Funga hicho kiti, ukaendeshe gari lako.

Shangazi


17 Agosti

Shangazi, shangazi, shangazi!

Shikamoo! Salamu kwa Baba, mtaa mzima na muuza matunda. Kaa kitako nikusimulie, na Baba aache kuisoma barua juu ya bega lako, asubiri zamu yake.

Sahihi ya mkaguzi niliipata. Bwana Funguo alichomoa ufunguo kiunoni mwake mbele ya wote akanikabidhi. Zilipita wiki za safari za kawaida, kiti kikifanya kazi yake kimyakimya, mpaka Jumanne iliyopita.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mchana ikaja simu: mama amejifungulia nyumbani ng'ambo ya mto, mtoto mzima, lakini mama anatoka damu haikatiki. Mkunga aliye naye ameweka mikono yote miwili kwa mgonjwa, simu yake imeshikiliwa na mama mkwe. Tukatoka, mimi na muuguzi, king'ora juu. Kufika darajani, daraja limemezwa na maji. Askari anapunga mikono: rudini, rudini!

Zamani ningesimama, niokote simu, nitafute, nipige, nipoteze muda ambao yule mama hakuwa nao. Safari hii mikono haikutoka kwenye usukani. Ramani ilikuwa mbele ya macho yangu, ikanionyesha daraja jingine la zege, mbali upande wa juu wa mto. Nikageuza. Lakini baada ya daraja ramani ikaishiwa, ikaonyesha weupe mtupu, na hapo sauti ya mkunga ikaichukua kazi. Simu iko kwenye kiti chake, sauti imefunguliwa, gari zima linamsikia.

"Uko wapi, dereva?"

"Naona tanuri la matofali!"

"Liache mkono wako wa kushoto. Utaona njia ya matope. Usiiogope, chini yake kuna kokoto. Ingia!"

Nikaingia. Shangazi, gari liliruka, likalala upande, likainuka. Maji yalipiga kioo mpaka nikawa naendesha kwa kusikiliza. Muuguzi nyuma anapiga kelele kupitia kidirisha, anamwambia mkunga akandamize wapi, mkunga anajibu, mimi nauliza njia, sote watatu tunaongea kwa simu moja, na simu imetulia tuli. Ningeishika mkononi, ningetutia mtaroni. Naapa.

Tulifika, tukampandisha mama na mtoto wake na mkunga wake, tukarudi kwa njia ileile. Nikiwa barabarani nilimpigia daktari kwa sauti tu, wakaandaa damu, wakatungoja mlangoni kwenye mvua na machela. Walipomwingiza, mimi sikuweza kushuka. Nilikaa nimeshika usukani kama mtu aliyegandishwa.

Jioni daktari alitoka nje, akatembea moja kwa moja mpaka garini. Akagonga kioo. "Yuko hai," akasema. "Anauliza chakula."

Hapo ndipo nilipolia. Bwana Funguo, mtu asiyecheka hata akitekenywa, akaenda kwenye gari la kwanza akawasha king'ora. Dereva wa gari la pili naye akawasha. La tatu likafuata. Uwanja mzima wa hospitali ukalia, mpaka muuguzi mkuu akatoka ameshika kiuno kutufukuza, "Mna wazimu? Wagonjwa wamelala!" Na wale walioniita Mama Mashuka ndio waliokuwa wanabonyeza kwa nguvu zaidi.

Sasa sikiliza. Magari yote ya hospitali yanataka viti. Yote, hata la mashuka. Mkuu wa hospitali amekubali, na mkaguzi ameomba kimoja akawaonyeshe wa hospitali jirani. Maboksi nimeyakata yote mwenyewe, yako kwenye kifurushi, kila moja limeandikwa gari lake. Mwanga haupenyi popote.

Utaweza, Shangazi? Ukisema huwezi, nitaelewa. Lakini najua hutasema.

Kijiti


3 Septemba

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwa sauti, yote, kuanzia mvua mpaka ving'ora. Nilikwama kwenye neno "kokoto", nikalirudia mpaka likakubali. Kaka yangu aliomba nirudie pale daktari alipogonga kioo. Nikarudia. Akaomba tena.

Milango ya karakana iko wazi, yote miwili. Muuza matunda ameacha mwanawe mkubwa alinde meza yake, yeye mwenyewe anachekecha mchanga. Anasema ameupenda kuliko maembe. Viti vya magari yako viko tayari, vimekaa rafuni kwa safu kama wanafunzi. Mshono umelala kulia. Si wote, ila mwingi.

Jana alikuja dereva wa teksi, kijana mrefu mwenye mdomo. Amesikia habari, anataka kiti. Akakiinua, akakigeuza, akamwambia kaka yangu, "Mzee, huu si mfuko wa mchanga tu? Nani kaushona?" Alimwuliza kaka yangu, mimi nimesimama hapohapo. Kaka yangu akafungua mdomo anijibie. Nikamwekea mkono begani.

Nikasema, "Mimi." Nikavuta pumzi. "Nimeushona mimi. Kaa kwenye gari lako, nikupime dashibodi."

Ilichukua muda, Kijiti. Maneno yalitoka moja moja, na lile la "dashibodi" lilitoka vipandevipande. Muuza matunda aliacha chekecheo hewani. Yule kijana alisubiri mpaka nikamaliza, kisha akavua kofia, akasema, "Sawa, fundi," akaenda kukaa kwenye gari lake. Fundi! Sikuwa nimeitwa hivyo tangu mwaka jana.

Nilimpima. Nikamwelezea kila kitu kwa mdomo wangu: mchanga, mpira, mkanda, kwa nini hakuna chuma. Kila nilipokwama alisubiri. Alipoondoka nilikuwa nimelowa jasho kama niliyevisha basi zima, na nilitamani aje mwingine.

Kwa hiyo barua hii iwe ya mwisho kwa sasa, maana naona tunamchosha dereva wa basi bure. Simu yangu nimeichaji, iko mezani mbele yangu, haiko tena uvunguni. Nipigie Jumapili ukitoka zamu. Nitaongea polepole, na wewe utaninyamazia mpaka sentensi iishe.

Shangazi yako,
Fundi